Theluthi Yangu ni Bahari

Sikilizeni, wanangu, mkae kimya, kwa maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kushindana na zenu. Mongi, wewe mkubwa, weka hiyo simu mfukoni. Anayekupigia namjua, na jibu lake atalipata leo. Nizar, sogeza kiti, umenizibia dirisha, nami nataka kuiona bahari ninapoisema. Hawa mabwana wawili walioketi karibu na mlango na madaftari yao hawakuja kunywa chai, ingawa naona kila mmoja yuko kwenye glasi ya tatu. Ni mashahidi wa sheria, nimewaita mimi mwenyewe nikiwa na akili zangu, na kila nitakalotamka wataliandika. Daktari wa mjini Sfaksi alinipa wiki mbili, na wiki hizo zimeisha juzi, kwa hiyo siku ya leo ni ya kuazima na sina muda wa kupiga chenga.

Mnataka kuiuza bahari yangu. Msitazamane, mimi ndiye niliyewazaa, najua mnavyotazamana mkiwa na kosa. Mlidhani ninajifia tu humu ndani wala sisikii? Visiwa hivi vya Kerkena ni vidogo, mtu akipiga chafya kijijini Ramla, sisi huku tunamwombea rehema. Yule mwenye mashua za juya, zile nyavu za kukokota, watu wanamwita Bwana Injini na mimi simwiti chochote, amekunywa kahawa na nyinyi mara nne mwezi huu. Anautaka wando wangu, tena si kwa kuvua, bali kwa kuung'oa, kwa sababu umesimama katikati ya njia yake ya kwenda kwenye mkondo wa maji marefu. Ukiondoka wando huo, majuya yake yatakokota chini ya bahari kuanzia mlangoni kwetu mpaka yanapochoka. Sheria inakataza juya la kukokota kwenye maji haya mafupi, hilo nalijua, lakini sheria inakaa ofisini na yeye anakaa baharini.

Nyinyi wando mnaujua, ila mashahidi hawa ni watu wa bara, acha waandike sawasawa. Sisi huku hurithi bahari kama wengine wanavyorithi shamba. Baba yangu, Amor, alipofariki, kaka yangu Khmais alipata mafungu mawili ya bahari na mimi fungu moja, ndivyo ilivyoamriwa, na mpaka wangu unaanzia kwenye mstari wa kuba jeupe la walii na mtende ule uliopinda, unakwenda mpaka maji yanapobadilika rangi. Ndani ya fungu hilo kila vuli tunachomeka makuti ya mitende kwenye tope, moja baada ya moja, mpaka yawe ukuta mrefu. Maji yakitoka, samaki huufuata ukuta, huingia kwenye chumba cha makuti, na kutoka chumbani huingia kwenye dema, mtego wetu wa kusuka. Hakuna chambo, hakuna injini, hakuna kelele. Samaki hasukumwi na mtu, huingia mwenyewe kwa kufuata njia aliyoichagua. Mdogo tunamrudisha majini akiwa hai, na mwezi wa sita tunatoa madema yote ili bahari ijifungue kwa raha zake mpaka vuli irudi. Nimesuka madema kwa vidole hivi miaka sitini, na vilivyopinda hivi havikupinda kwa uzee tu.

Nilipokabidhiwa fungu langu, wanaume bandarini walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Mabruka, utavua kwa mwiko?" Nikamwambia, "Nitavua kwa mwiko, na wewe utakula kwa macho." Nilipandisha nguo magotini nikaingia majini mwenyewe kuchomeka makuti, na ile vuli ya kwanza nilitoa pweza na changu wengi kuliko yeye aliyecheka, akaja mkewe kuniomba wa mboga. Nikampa, kwa sababu mke hana hatia ya mdomo wa mumewe.

Basi nawaambia leo bila kumung'unya maneno: bahari hiyo haiuzwi. Mtanuna, mtasema mama kazeeka, semeni. Lakini kabla sijasema itakwenda kwa nani, nina jambo limenikaa kooni miaka ishirini na tisa, na mtu hatakiwi kushuka kaburini na mfupa kooni. Nipe maji, mjukuu wangu Raudha. Kidogo tu, inatosha.

Mnakumbuka, au mlikuwa wadogo hamkumbuki, mwaka ule baba yenu Bashiri alipoingiwa na hamu ya mashua kubwa. Kila aliyenunua juya alikuwa anajenga ghorofa, na Bashiri alikuwa akirudi nyumbani na kikapu chake cha mikizi na ngisi, anakaa hapo ukumbini, anasema, "Mke wangu, sisi tunavua kwa kuombaomba. Wenzetu wanaingia ndani na kujichukulia." Sikumkatalia. Andikeni hilo, enyi mashahidi, sikumkatalia. Nilivua vikuku vyangu vya dhahabu, vyote vinne, vya harusi yangu, nikamwekea mkononi, na injini ya ile mashua ilinunuliwa kwa vikuku vyangu. Na juya lake lilipochanika ni mimi niliyelishona, hapo uani, kwa uzi wa kijani, kwa kuwa uzi mweusi uliniishia.

Asubuhi moja ya ukungu Bashiri alikokota juya akapotea mstari. Hakuliona kuba, hakuuona mtende, akapita katikati ya wando wa kaka yangu Khmais. Aling'oa ukuta, aling'oa chumba, aling'oa nyasi za bahari zilizokuwa chini yake, zile ndefu ambamo pweza hutaga na vifaranga vya changu hujificha, akaacha mfereji mtupu mweupe. Alirudi nyumbani amepauka, akanieleza. Akasema, "Ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyeniona. Tunyamaze." Tukanyamaza.

Mchana wake Khmais akaja jikoni kwangu. Hakukaa. Aliweka mezani kipande cha uzi wa kijani, alichokikuta kimenasa kwenye mti wa wando wake, akaniuliza kwa upole, "Dada, unaujua uzi huu?" Nikasema, "Watakuwa watu wa bara hao, kaka, wamejaa siku hizi." Naye hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, na mimi nikaitazama pia, na uzi ule ule ulikuwa umenaswa kwenye ukucha wangu wa kidole gumba. Akasema, "Nimeelewa, Mabruka." Akatoka. Hakusema nami tena mpaka alipokufa, miaka kumi na moja. Na katika miaka hiyo yote, kila Idi baada ya mfungo, mkewe alikuwa akija na sahani ya samaki wa chumvi na mchuzi wake wa zabibu, anaiweka kizingitini, anaondoka bila salamu. Kaka yangu alinilisha na hakunisamehe, na sijui hadi leo lipi liliniuma zaidi.

Msiniambie naumwa na ndiyo maana naongea. Nimelisema kwa kuwa ni kweli. Bashiri mnamsifia kama nahodha, msifieni, alikuwa mume mwema na alinipenda, ila jambo hili alilifanya, na mimi nililifanya pamoja naye.

Halafu Khmais akafa, na wanawe walioko Ufaransa wakaiuza bahari yake kwa simu, hata hawakuja kuiaga. Aliyeinunua mnamjua. Nendeni mkaangalie leo kilichobaki kule: hapana ukuta, hapana nyasi isipokuwa ukanda wa mpakani kwetu, ni tope linalochafuka kila mashua ikipita, na wale kaa wa buluu waliotoka bahari nyingine, ambao vijana wamewaita kwa jina la magaidi, ndio wenye mji. Nizar, wewe ulisema juzi kwamba bahari imekufa kila mahali, kwa hiyo heri tuuze kabla hii yetu haijafa. Mwanangu, mtu akisikia jirani kafiwa, hamnyongi mamaye ili wawe sawa.

Sasa nije kwa Raudha. Mjukuu wangu huyu anayenishika miguu ni binti wa Mongi, watu wote mnamjua, lakini kazi yake nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kumuuliza. Alipotoka chuo akaajiriwa kwenye taasisi ya bahari, alikuja hapa na miwani ya kupigia mbizi na vigingi vya chuma. Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, serikali inakulipa kuhesabu majani?" Akasema, "Ndiyo, Bibi, na wakichelewesha mshahara nayahesabu bure." Nikacheka, nikampa mashua. Miaka michache baadaye alinipeleka kwenye ule mfereji wa babu yake, hakujua ni wa babu yake, alidhani ananionyesha kitu kipya. Alikuwa ameuona tangu alipoanza kazi, akachomeka vigingi mpakani kwetu, pale nyasi zinapoishia, na kila mwaka huzama kuangalia zimevipita vigingi kwa kiasi gani.

Nikamwuliza, "Zinatembea haraka?" Akanionyesha vidole viwili. Nikadhani ni hatua mbili. Akasema, "Hapana, Bibi. Vidole viwili. Kwa mwaka." Juya la Bashiri lilipita muda wa kumaliza sigara, na Raudha alipiga hesabu kwenye daftari lake akasema pengo lile litafunga baada ya miaka zaidi ya mia na hamsini, ikiwa hakuna atakayepita tena. Mimi nitakuwa nimeoza, na nyinyi mmeoza, na watoto wa wajukuu zenu wamezeeka, na nyasi zile bado zitakuwa zinatembea vidole viwili kufuta ushonaji wangu. Siku ile nilimweleza yote, katikati ya maji, yeye wa kwanza. Akafunga daftari lake, akasema, "Basi Bibi, tulinde hiki kilichobaki, kwa sababu hakiwezi kukimbia." Hakunihukumu wala hakunibembeleza, nikampenda zaidi kwa hilo.

Na kilichobaki ni fungu langu. Raudha anasema nyasi zilizo nyuma ya wando wetu ndizo nene kuliko zote upande huu wa kisiwa, na sababu yake ni wando wenyewe, maana hakuna juya linaloweza kupita palipochomekwa makuti bila kujinasa. Kumbe baba yangu alichomeka makuti kuvua samaki, na makuti yakawa yanailinda bahari bila yeye kujua. Mkiyang'oa hayo, hamuuzi maji, mnauza mlango.

Sasa, Mongi, pumua, nakuona umevimba. Alhamisi iliyopita mliwaleta mashahidi hawa hawa humu ndani, mkitaka nitie dole gumba kwenye karatasi ya kuuza. Mliwaambia nini? Mimi nilikuwa nimefumba macho, lakini masikio hayana kope. Wewe Mongi ulisema, "Mama asijali, ni maji tu na makuti yaliyooza, hayafikii hata thamani ya mitende kumi." Nizar naye akaongeza chumvi, "Kumi? Labda mitano, tena isiyozaa." Mlisema hivyo ili nione si kitu na niachie, na huku bei aliyowanong'oneza Bwana Injini mnaijua nyinyi na yule mkata tiketi wa kivuko aliyekaa meza ya pili mkahawani. Niliwajibu nini? Niliwaomba tu mabwana hawa waandike thamani ile kama wanangu walivyoitaja, na nyinyi, kwa furaha, mkatia sahihi.

Sheria ya Mungu ni moja, na mnaisoma kuliko mimi: hakuna wasia kwa mrithi, na wasia hauvuki theluthi ya mali. Nyinyi wawili ni warithi, siwezi kuwaongezea wala kuwapunguzia. Nyumba hii ni yenu, na mitende arubaini na saba ya upande wa kisima ni yenu, na mizeituni, na mashua, gawaneni kwa usawa na msigombane mbele ya wake zenu. Raudha si mrithi wangu, baba yake yu hai na Mungu amzidishie. Kwa hiyo Raudha naweza kumpa theluthi. Na mali yangu yote ikipimwa, bahari ambayo kwa sahihi zenu wenyewe haifiki mitende kumi, inaingia ndani ya theluthi na nafasi inabaki ya kupangisha.

Nampa Raudha bahari. Yote, tangu kuba mpaka maji yanapobadilika rangi. Andikeni.

Msiniangalie hivyo. Sikuwasukuma. Nilisimamisha ukuta tu, mkaufuata wenyewe mpaka ndani. Mkikasirika, kasirikeni kwa adabu, na mkumbuke kwamba hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi: akiruka kwa hasira, hutua ndani ya mashua. Yule bwana anangoja mruke. Atakuja kuwaambia mkashtaki, atawalipia wakili, atawaita wanaume mlioporwa na msichana. Mwambieni mama yetu alituacha na nyumba, mitende na akili, na vyote vitatu haviuzwi. Na wewe Raudha, usijione umepewa zawadi. Umepewa ukuta unaooza kila mwaka. Ukikosa kuuchomeka vuli mbili, watu watasema bahari hiyo haina mwenyewe, naye atapita. Kazi ya ofisini ni nzuri, lakini vigingi vyako haviwezi kuzuia juya. Makuti yanaweza.

Nipe tena maji... Hapana, acha, yanateremka vibaya.

Nimebakiwa na mambo machache. Kwenye rafu ya jikoni, nyuma ya shayiri, kuna kopo la kahawa. Ndani yake mna kile kipande cha uzi wa kijani. Khmais alikiacha mezani na mimi nimekitunza. Kuti la kwanza la mwaka huu mlichomeke upande wa mpaka wake, mlifunge uzi ule juu kabisa, mahali panapoonekana. Watu wa bandarini watauliza. Waambieni. Semeni aliyeuvunja wando wa Khmais alikuwa baba yetu, na aliyelishona juya alikuwa mama yetu, akasingizia watu wa bara. Mongi, najua unalilinda jina la baba yako. Jina lake halitakufa kwa ukweli, litaaibika siku saba, kisha watu watapata la mwingine la kusema. Lakini Bwana Injini naye anategemea ukungu na vinywa vilivyofungwa, kama sisi tulivyotegemea, na nataka ajue kwamba kwenye kisiwa hiki kuna kinywa kimefunguka.

Makuti yako uani, yamekatwa siku kumi, yameshakauka vya kutosha. Kesho maji yatatoka saa nne. Mimi nikiwa nimekufa, nizikeni alfajiri, msicheleweshe kwa ajili ya wageni wa kivuko, halafu mwende majini na matope ya kaburi yakiwa bado miguuni. Msingoje arubaini. Wala msinipikie karamu kubwa, chemsheni shayiri na pweza mkavu, yule niliyemtundika mwenyewe, mle, mwende. Nizike karibu na Khmais. Kama hataki... atasema mwenyewe.

Sogeeni. Mikono yenu. Yako ina baridi, Nizar, tangu utotoni ina baridi. Mungu awape riziki isiyoacha jangwa nyuma yake. Awape watoto watakaowabishia kwa heshima, maana mimi sikubishiwa mapema. Raudha, Mungu akupe umri mrefu uone nyasi... zimetembea hata dhiraa nne. Mashahidi, mmeandika? Someni hapo... hapana, nawaamini, kunyweni chai.

Mongi. Mongi, unakwenda wapi? Umesimama bila kuaga. Nani kafungua mlango wa uani?... Mwacheni. Mwacheni akasirike nje, kuna hewa.

Hiyo ni sauti gani?

Raudha, niinue kidogo, nione. Ni yeye? Amechukua mzigo mkubwa hivyo peke yake... huyo ni baba yako kabisa, anataka kumaliza yote kwa safari moja. Nizar, nenda kamsaidie. Mwambie asiyaburute chini, atayavunja ncha. Mwambie mama anasema makuti hubebwa begani... hayakokotwi. Hapa kwetu tumekokota vya kutosha.